Marudio ya mgodi wa zamani nyuma ya nyumba: je, tuhame?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, mdogo ana miaka miwili, na sasa nina mimba ya miezi mitano. Tulinunua kiwanja huku Chunya, jirani na mgodi wa zamani ulioachwa. Nyuma ya nyumba kuna lundo kubwa la mchanga wa kijivu, wazee wanasema ni marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa na kutolewa dhahabu, ya tangu enzi za wakoloni. Watoto wanachezea pale, na fundi alichota mchanga huohuo akatupigia lipu. Kisima chetu kiko bondeni, chini ya lundo. Jirani anasema maji yale yana sumu, ila nikiyachemsha na kunywa maziwa kila siku haina shida. Mume wangu ana karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na mara nyingine anachoma dhahabu jikoni kwangu. Sasa amekuja mtu anataka kununua lundo lote alioshe kwa sianidi, ile kemikali ya sumu inayoyeyusha dhahabu, na mwenyekiti ameitisha mkutano wa kijiji. Daktari, tuhame?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza mengi, na umeyapanga kama wengi wanavyoyapanga: lundo kwanza, kisima kinafuata, halafu karibu na mwisho, kama jambo la kupita tu, ukataja dhahabu inayochomwa jikoni. Mimi naanzia hapo. Usisubiri vipimo wala mkutano. Kuanzia leo jikoni pasichomwe tena, hata kama ni punje moja.

Zebaki, ile metali ya majimaji inayokamata dhahabu, ikiwa baridi haina kishindo kikubwa. Mtu akiimeza kwa bahati mbaya, karibu yote hutoka na choo. Hatari inaanza pale inapopashwa moto. Lile donge la kijivu alilokamatisha baba watoto likiwekwa kwenye jiko la mkaa, zebaki inaondoka kama mvuke usio na rangi wala harufu, dhahabu inabaki. Anayeuvuta mvuke huo, takriban asilimia 80 yake inabaki mwilini. Inaingia kwenye damu, inafika kwenye ubongo na figo, na kwa mjamzito inapita kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Ukipoa, mvuke unarudi kuwa matone madogo yasiyoonekana, yanajishika kwenye masizi ya bati, kwenye kenchi, kwenye nyufa za sakafu na kwenye vyombo. Kesho yake unawasha moto wa ugali, na kiasi fulani kinapanda tena. Kwa hiyo hata siku ambazo yeye yuko porini, wewe unaendelea kuvuta.

Najua kumwambia mwanaume aache anachofanya na wenzake wote si jambo la siku moja, basi zungumza naye kwa lugha ya pesa. Zebaki anainunua. Akitumia ritoti, yaani kile chombo cha chuma kilichofungwa chenye bomba la kupoozea mvuke, sehemu kubwa ya zebaki inarudi kwenye kikombe na anaitumia tena. Lakini hata kwa ritoti, kazi hiyo ifanyike kwenye mwalo, yaani pale dhahabu inapooshewa, mbali na nyumba, upepo ukiwa mgongoni kwake. Ritoti inavuja, hasa ikizeeka.

Na jiko lenyewe? Hamishia mapishi nje au kwenye kibanda kingine. Mtu mzima asiye mjamzito afunike pua na mdomo, alowanishe masizi kwa maji ya sabuni ndipo ayakwangue, asiyafagie makavu. Kama sakafu ni ya udongo, itolewe tabaka la juu, uwekwe udongo mwingine kutoka mahali safi, kisha pasiribwe kwa saruji mkipata uwezo. Sufuria au kikaango kilichowahi kuchomea dhahabu kisirudi kwenye chakula, hata kikisuguliwa namna gani.

Sasa karasha. Jiwe likisagwa linakuwa unga laini kuliko sembe, na unga huo una kila kilichokuwa ndani ya jiwe, si dhahabu peke yake. Mishipa ya dhahabu ya Lupa, yaani eneo lenu la machimbo huko Chunya, inabeba pia madini ya chuma na salfa, yale yanayong'aa njano na kuwapumbaza wageni, yana shaba, na mahali pengine yana galena, ambayo ni madini ya risasi, ile metali nzito yenye sumu. Mwaka 2010 huko Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, watu walisaga mawe ya dhahabu majumbani mwao bila kujua yamejaa risasi, na watoto zaidi ya 400 wakafa. Sisemi mawe ya Chunya ni kama yale. Yale yalikuwa na risasi nyingi kupita kiasi. Ninachosema ni kwamba njia ya kumfikia mtoto ni ileile: vumbi kwenye shati la baba, kwenye viatu, kwenye mkeka, mkononi, mdomoni. Nguo za karasha zivuliwe nje, zifuliwe peke yake kwenye beseni lake, na maji yake yasimwagwe uani watoto wanapochezea. Baba aoge kabla hajambeba mtoto. Najua hapo ndipo penye ugumu, mtoto akishamwona baba yake anakimbilia miguuni.

Nije kwenye lundo. Dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na kufikia miaka ya 1930 maelfu ya watu walikuwa wanachimba huko. Baadaye ikaja migodi mikubwa, wa New Saza ukiwa ndio maarufu zaidi; leo uko upande wa Mkoa wa Songwe. Vinu vya zamani vilikuwa vinasaga mawe kisha kupitisha tope juu ya sahani za shaba zilizopakwa zebaki. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba zebaki ilikuja na wachimbaji wadogo wa juzi na marudio ya mkoloni ni mchanga mtupu. Muulize mzee aliyefanya kazi pale, au aliyesimuliwa na baba yake: palikuwa na kinu? Palikuwa na matangi ya sianidi? Watu walikuja baadaye kurudia kuosha? Majibu yake yatamsaidia mtu wa maabara ajue apime nini, maana kila kipimo kinalipiwa.

Wewe mwenyewe lizunguke lundo hilo asubuhi moja, watoto wakiwa hawapo. Tazama maji ya mvua yanapotokea chini yake. Ukiona mkondo wenye rangi ya chungwa kama kutu, au ukoko mweupe wa chumvichumvi unaotokea kiangazi, au kipande ambacho hata majani magumu ya porini hayaoti, ujue yale madini ya salfa yanakutana na hewa na maji na kutengeneza asidi. Asidi hiyo ndiyo inayoziyeyusha aseniki, risasi, shaba na kadimiamu kutoka kwenye mchanga na kuziteremsha bondeni. Lundo lisilo na dalili hizo halina maana kwamba ni safi, ila haraka yake ni ndogo kidogo. Usidhani kwamba miaka imelisafisha. Sianidi jua huivunja. Metali nzito hazivunjiki wala haziozi. Ukipanda treni ya TAZARA hapa Mbeya hadi mwisho wa reli, Kapiri Mposhi nchini Zambia, mbele kidogo ya hapo kuna mji wa Kabwe. Mgodi wake wa risasi ulifungwa mwaka 1994. Watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya kufungwa bado wanakutwa na risasi kwenye damu, kwa sababu ya udongo wa mitaani.

Kwa hiyo swali la jirani yako, kama sumu ipo au haipo, mimi silikazanii sana. Karibu na mgodi wa zamani metali ipo, kidogo au nyingi. Swali linalookoa watoto ni inawafikia kwa njia gani, kwa sababu njia unaweza kuifunga leo, lundo huwezi kulihamisha. Na kwa mtoto wa miaka miwili njia kubwa ni mikono yake. Anatambaa, anaokota, anaweka mdomoni. Tumbo lake linafyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya tumbo la mtu mzima aliyemeza kiasi kilekile, na ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwake. Na usitegemee kumwona anaumwa: atakuwa mchovu, atakosa choo, tumbo litamuuma, damu itapungua, darasani atakuwa mzito. Watu watasema ni minyoo.

Chunya mnakaa upande mkavu wa milima, na kuanzia Julai hadi mvua za Novemba au Desemba upepo unapeperusha mchanga ule hadi mezani. Lundo lizungushiwe uzio wa miiba au mkonge mtoto asipite. Upande unaoelekea nyumba ufunikwe udongo mwekundu kutoka mbali, juu yake paoteshwe nyasi. Uani watengenezee mahali pa kuchezea penye udongo wa kuletwa, maana mtoto ukimkataza bila kumpa pengine, atarudi kulekule. Ndani deki kwa tambara bichi. Ufagio mkavu unalirudisha vumbi hewani, na anayelivuta ni wewe unayefagia na mtoto aliye mgongoni. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, kila mara. Vitu vidogo hivi, vikifanywa kila siku, vinapunguza risasi inayomwingia mtoto.

Lipu isikukoseshe usingizi. Ikiwa saruji ilikuwa ya kutosha na ukuta haubomoki, mchanga umefungwa humo. Upake rangi, na pale panapomomonyoka pazibwe kwa mchanga mwingine wa mtoni, wa juu ya mgodi na si wa chini yake. Kama ni udongo uliochanganywa na marudio bila saruji, na unatoa unga ukiugusa, hiyo ni kazi ya haraka.

Kuna jambo hukuniuliza, ila nakuuliza mimi: unakula pemba, ule udongo unaouzwa wa kula? Wajawazito wengi wanakula na wanaona haya kusema. Pemba inayouzwa kwenye maeneo ya migodi kule Geita ilipopimwa, ilikutwa na aseniki na metali nyingine. Udongo wa kula mjamzito anaumeza kwa makusudi, tena kila siku, kuliko vumbi lolote la ukutani. Ile hamu mara nyingi inaendana na upungufu wa damu. Waambie kliniki, meza vidonge vya kuongeza damu wanavyokupa. Tena kuna faida ya pili: mwili wenye njaa ya madini ya chuma na kalisi unafyonza risasi zaidi.

Hapo ndipo maziwa yanapoingia, na jirani yako ana nusu ya ukweli. Mafundi wa kuchomelea, wauza petroli, wachimbaji, wote utawasikia wakisema maziwa yanasafisha sumu. Hayasafishi. Risasi ikishaingia mwilini inajificha kwenye mifupa kwa miaka mingi, na wakati wa mimba, mwili unapochukua kalisi kwenye mifupa kumjengea mtoto, risasi ya zamani inatoka nayo. Mama anayekula maziwa, dagaa na mboga vya kutosha mwili wake unakwangua mifupa kidogo zaidi. Kunywa, basi, kwa sababu hiyo, si kwa kuamini kwamba glasi ya jioni inafuta vumbi la mchana. Na wale wanaotwanga mkaa wakanywa wapoteze muda wao wenyewe. Mkaa haukamati metali.

Kuchemsha maji ndiko kunakodanganya wengi zaidi. Moto unaua vijidudu, metali hazifi. Maji yanapungua kwa mvuke, aseniki inabaki palepale, kwa hiyo kila lita iliyobaki ina zaidi kidogo kuliko mwanzo. Klorini haiitoi, kichujio cha mchanga na mkaa cha nyumbani hakiaminiki kwa hili, na maji maangavu yasiyo na ladha yanaweza kuwa nayo. Ni kipimo tu kinachosema. Nenda ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, au Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa, au maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ya kanda hapa Mbeya, na uombe kipimo cha metali nzito kwa jina. Usiposema hivyo utapimiwa vijidudu na chumvi, utarudi na karatasi inayosema maji ni salama. Chupa wakupe wao. Chupa ya soda iliyosuuzwa inaharibu majibu. Pimeni mwishoni mwa kiangazi, na tena baada ya mvua kubwa za kwanza, kwa sababu hapo ndipo lundo linapooshwa kuingia bondeni. Majibu yakija, linganisha na viwango vya Shirika la Afya Duniani: aseniki isizidi mikrogramu 10 kwa lita, risasi 10, zebaki 6, kadimiamu 3. Karatasi nyingi huandika kwa miligramu, kwa hiyo 10 utaiona kama 0.01. Uchemshe kwa ajili ya vijidudu, bado ni lazima, ila mpaka majibu yatoke, maji ya kunywa na ya kupikia chota bomba la kijiji au kisima kilicho juu ya mgodi. Ya kufulia na kuogea endelea na ya kwako. Ukikinga ya mvua, ziache mvua za kwanza zisuuze bati, hasa kwa bati lililokula moshi wa zebaki.

Samaki: mito ya huko inaelekea Ziwa Rukwa, ambalo halina pa kutokea. Zebaki ikifika kwenye tope la maji, vijidudu huigeuza kuwa aina inayopanda kutoka samaki mdogo hadi mkubwa anayemla. Kwa mjamzito, dagaa na samaki wadogo ni bora kuliko wakubwa wanaokula wenzao. Usiache samaki kabisa. Mchicha wa bondeni chini ya lundo uuache kwanza. Nyanya na maharage ya bustani ya mbali hayana neno yakioshwa.

Vipimo vya mwili. Risasi hupimwa kwenye damu. Zebaki ya mvuke na aseniki kwenye mkojo. Watoto wote wawili wapimwe risasi, wewe upimwe risasi na zebaki, baba naye zebaki. Zahanati haitaweza, omba rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na kabla ya kutoa sampuli uulize itapimwa maabara ipi. Kwa mtoto au mjamzito, risasi ikiwa mikrogramu 5 kwa desilita ya damu au zaidi, chanzo kitafutwe na kifungwe. Kwa mtoto, ikifika 45 ni ya kulazwa na kupewa dawa inayoitoa, na dawa hiyo haina maana akirudishwa kwenye vumbi lilelile. Jambo moja useme kweli mbele ya daktari: kama unatumia mkorogo au sabuni za kung'arisha ngozi. Baadhi zina zebaki, na mkojo hausemi imetoka jikoni au dukani. Ukimtazama baba akishika kikombe cha chai na mkono unatetemeka, au mwandiko wake umebadilika, hilo nalo liandikwe.

Sasa mkutano, ambao mimi nauogopa kuliko lundo lenyewe. Lundo lililolala miaka sitini linatoa sumu polepole. Lundo linalochimbuliwa, likabebwa na tipa, likarushwa kwenye matangi ya sianidi, linaanza upya. Tena kuna kemia mbaya hapo: sianidi ikikutana na marudio yenye zebaki inaiyeyusha zebaki hiyo pamoja na dhahabu, na zebaki iliyokuwa imelala kama matone mazito sasa inatembea na maji. Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako taka za kiwanda zilitia sumu samaki na watu, na ugonjwa wake ukatambuliwa mwaka 1956, unataja jambo hili hasa miongoni mwa mbinu mbaya za kukomeshwa: kutia sianidi marudio yenye zebaki bila kuitoa zebaki kwanza. Kuchoma dhahabu kwenye makazi ya watu nako kumo kwenye orodha hiyohiyo. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 2020.

Kwa hiyo usiende mkutanoni kusema hutaki mradi; utaitwa mpinga maendeleo, na vijana wanaosubiri kibarua watakuzomea. Nenda na maswali. Marudio yamepimwa zebaki, na karatasi iko wapi? Itatolewaje kabla ya sianidi? Matangi yatakaa upande gani wa kisima? Tope likishatoka dhahabu litalazwa wapi, juu ya nini, na nani atalifunika siku anaondoka? Ana leseni ya uchenjuaji, yaani ya kutoa dhahabu kwenye mawe au marudio, kutoka Tume ya Madini, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, wamekagua mazingira? Omba majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, na upewe nakala. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na NEMC wana ofisi ya kanda hapahapa Mbeya. Barua ya kaya kumi ina uzito kuliko ya kwako peke yako, na ukiambatanisha majibu ya maji haitapuuzwa kirahisi.

Tuhame? Kwa sasa hapana, kama jikoni pamesafishwa na kisima umekiacha. Kiwanja mmekinunua kwa jasho, na kuhamia mtaa mwingine wenye mwalo hakubadilishi kitu. Ila wewe na watoto nendeni kwa mama yako, au ndugu yeyote asiye kwenye machimbo, kwa hizo wiki ambazo jiko na lundo vinafanyiwa kazi. Usiwepo masizi yanapokwanguliwa. Mtahama kweli kama damu ya mtoto haishuki baada ya miezi mitatu ya kufanya yote haya, au kama matangi yatajengwa juu ya kisima chenu licha ya barua. Na kama baba ataendelea kuchoma ndani, mwanangu, basi usirudi mpaka aache. Mpe barua hii aisome mwenyewe.